Zena Hakungojewa

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye nyumbani kwake kuna mgonjwa wa koo, au ameugua mwenyewe akapona, na sasa kila anayemwona anamwambia amshukuru Mungu anyamaze. Mimi nimeambiwa hivyo miaka mingi. Nimeshukuru, na kunyamaza nimenyamaza, wala hakuna kilichopoa. Ugonjwa unatoka wapi na unaingiaje mwilini sitaeleza, wenye kazi hiyo wapo hospitali. Nitaeleza nilivyougua, nilivyowekwa maiti nikiwa hai, na jambo lililonitafuna baadaye kuliko ugonjwa wenyewe.

Tulikuwa tukikaa Tongoni, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa na chuo cha Kurani pale barazani kwetu, na watu wote walimwita Mwalimu, mimi nikiwa mmoja wao. Tulikuwa na mtoto mmoja tu, Zena, aliyekuja baada ya mimba tatu kuharibika. Alikuwa na miaka saba, mkaidi, msemaji, mwenye kuniita kwa jina langu, Mwanahamisi, huku ameiga sauti ya mtu mzima. Nilikuwa namkemea na huku nimegeuza uso ili asinione nacheka.

Koo lilimshika mwishoni mwa masika. Ilianza homa ndogo, kisha shingo ikavimba, kisha pumzi yake ikaanza kunuka kwa namna ambayo sikuwahi kuikuta kwa mtoto. Tulimpa asali na ndimu, tukamfukiza, Mwalimu akamwandikia kombe, aya za kuosha kwa maji, akanywa, na nusu ikamrudia puani. Siku ya nne, Ijumaa, jua limeshatoka, alihangaika sana kutafuta pumzi mikononi mwangu, halafu akanyamaza.

Mwalimu ndiye aliyekuwa akiitwa kijiji kizima pakiwa na shaka kama mtu amekata roho, maana alizisoma dalili vitabuni. Alipiga magoti akatazama miguu ya mwanawe kama imelegea, pua kama imelala upande, panja kama zimebonyea. Alitazama mara tatu. Kisha akasema maneno tusemayo pakitokea msiba, akatoka nje.

Desturi yetu ni kwamba maiti hufumbwa macho, hufungwa kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini ili mdomo usibaki wazi, vidole gumba vya miguu huunganishwa, na juu ya tumbo huwekwa kitu kizito ili lisijae. Nyumbani kwetu kizito kilikuwa pasi ya mkaa, ile ile niliyokuwa nikinyoshea kanzu za Mwalimu. Wengine walitaka kunisaidia nikakataa. Nilichana leso yangu, nikamfunga mwanangu kidevu mwenyewe. Mdomo ulikuwa hautaki kufungika, kila nikiuachia unafunguka tena, basi nikakaza. Mikono iliyokaza ni hii ninayoandikia.

Aliyemwosha ni Bi Mwanaidi, mwosha maiti wa wanawake pale kwetu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Zena akazikwa baada ya sala ya Ijumaa. Tumefundishwa kwamba kumharakisha maiti ni kumheshimu, na siku ile niliona watu wote wametuheshimu.

Hata hitima haijasomwa, koo langu likaanza kuwasha. Sikumwambia mtu. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilijua ni ugonjwa ule ule, nikaona umekuja kunichukua nilikotaka kwenda. Wifi yangu Fatuma, dada wa Mwalimu, alikuja kukaa nasi kwa ajili ya msiba, naye ndiye aliyegundua kuwa chakula kinanishinda. Jumatano asubuhi nilikuwa navuta pumzi kwa mabega. Nikahisi kitu kama ngozi mbichi kimejibandika kooni, kikawa kinapwaya na kuziba. Nikaona giza.

Giza lilipopungua, lililorudi lilikuwa masikio tu. Macho hayakufunguka, kidole hakikusogea, na pumzi niliyokuwa nayo ilikuwa ndogo mno, mimi mwenyewe sikuwa na hakika nayo. Nilimsikia Fatuma analia. Nilimsikia Mwalimu amepiga magoti karibu yangu, nikahisi mkono wake unapapasa miguu yangu, pua yangu, panja zangu. Alirudia mara tatu. Nikamsikia anasema yale maneno, sauti imemkauka. Nilijitahidi kumwita hata kwa kope nikashindwa.

Wakanifunga kidevu. Wakaniunganisha vidole vya miguu. Kisha kikaja kizito tumboni, nikakitambua kwa uzito na kwa harufu ya majivu, na ile pumzi yangu ndogo ikawa haina pa kwenda.

Watu huniuliza niliona nini. Wanatarajia nuru, au malaika, na wengine wanatarajia moto. Sikuona kitu. Nililala chini ya pasi nikisikiliza kuni zikipasuliwa za kuchemshia maji yangu, na wazo lilikuwa moja tu kichwani. Nilimwona Zena amelala hivi hivi, kitambaa nimekikaza mimi.

Wakati huo akaingia uani Petro. Petro alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, wa zahanati ya shamba la mkonge lililo jirani, Mngoni kutoka Songea, Mkatoliki. Kule kambini watoto kadhaa walikwishapatwa na koo, naye aliposikia tumezika mtoto wa koo alipanda baiskeli aje kututazama makoo sote tuliobaki. Akakuta msiba mwingine. Aliomba aione maiti. Wanaume walimkatalia kwa adabu, kisha bila adabu. Mwanamume, tena si Mwislamu, aingie kwenye chumba cha maiti ya mwanamke, akamguse! Mwalimu alimwambia kwamba dalili zote amekwisha kuzitazama mwenyewe.

Nikamsikia Bi Mwanaidi mlangoni. Hakupaza sauti.

"Mwacheni atazame. Mimi simmwagii maji mtu huyu mpaka atazamwe."

Hakuna aliyewahi kumsikia Bi Mwanaidi akipinga neno la Mwalimu. Nikasikia viatu vya Petro. Fatuma alinieleza baadaye kwamba alinishikia kioo cha saa yake mdomoni, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akainyanyua pasi akaitupa. Alikifungua kitambaa, akaingiza vidole kooni mwangu akavuta ile ngozi, ikatoka kipande cha rangi ya jivu, damu ikafuatia. Akanigeuza kifudifudi, akawa ananikandamiza mgongo kwa viganja na kuniinua viwiko, huku akihesabu kwa sauti kama mtu anayetwanga. Fatuma anasema alihesabu mpaka jasho likamwingia machoni. Ninachokumbuka mimi ni maumivu ya pumzi ya kwanza. Kurudi kunauma, aliyekuambia hakuumi hajarudi.

Nilipelekwa Tanga kwa lori la mkonge, nimelazwa juu ya magunia. Kule hospitali nilikaa nje ya chumba cha sindano, kwenye benchi, nimemwegemea Fatuma, na habari ilikwisha kututangulia, sijui kwa miguu ya nani. Wanawake walisogea mmoja mmoja mpaka benchi zima likabaki letu. Mmoja tu alirudi, mama wa Kibondei mwenye mtoto mgongoni, akaniinamia akanong'ona kama huko nilikokwenda nilimwona mama yake. Nilitikisa kichwa. Alishukuru, akarudi kusimama na wenzake.

Waliniambia ni dondakoo. Nilichomwa sindano, nikaamriwa nilale chali wala nisinyanyue hata kichwa, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa umechoka na ungeweza kusimama kwa jambo dogo. Nililala hivyo msimu wote wa kusi. Mwili ukaanza kuniacha kidogo kidogo. Kwanza sauti ilihamia puani, nikawa nasema kama mtu aliyebanwa pua. Kisha maji yakawa yananirudia puani kila ninapomeza. Kisha macho yakakataa kuona vitu vya karibu, na mwisho magoti yakawa si yangu. Ukifikwa na haya usidhani unakufa mara ya pili. Kunywa umeinamisha kidevu kifuani, na chagua uji mzito badala ya maji, kwa sababu mzito unashuka. Hilo alinifundisha mwuguzi mmoja wa Kishambaa, aliyekuwa akininywesha kwa kijiko na kunisimulia ugomvi wa mashemeji zake, bila hata mara moja kuniuliza habari za kufa. Namwombea mpaka leo.

Mwalimu alikuja kila wiki. Alikuwa anakaa kwenye kiti, kofia mapajani, ananiuliza nimekula nini. Macho yake yalikuwa kwenye shuka. Zamani alikuwa akiniita Mama Zena, na sasa hakuniita kwa jina lolote.

Vuli ilipoanza nikarudishwa Tongoni. Nilikuwa natembea kwa kushika ukuta. Watoto walinikimbia, watu wazima walinisalimu kutoka mbali, na mkate niliopika kwa tabu ukarudishwa na kisingizio. Fatuma alinieleza kwamba sanda yangu ilikuwa imekwisha kukatwa siku ile, na anaomba nimwambie aiweke wapi. Nikamwambia aitunze vizuri, nitaivaa, sina haraka. Alicheka, kisha akalia, nami nikamwonea huruma maana alikuwa amenitunza kuliko ndugu.

Siku ya tatu tangu nirudi nilimwuliza Mwalimu lile nililolala nalo kusi zima. Tulikuwa barazani, mchana, watoto wa chuo wamekwisha kwenda kwao.

"Dalili ulizoziona kwangu, na za Zena, zilitofautiana?"

Aliivua kofia. Akasema, "Zile zile."

Basi. Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na swali moja tu, na sote wawili tulilijua, tukalizunguka kwa kuulizana kama chumvi ipo. Kama mimi nilikuwa hai chini ya dalili zile, Zena je? Mimi nilipewa muda hadi Petro akafika. Zena alifungwa, akaoshwa, akazikwa kabla ya alasiri. Nililisikia jibu kooni mwangu kila nilipomeza.

Mwalimu akaacha kusomesha. Watoto walikuja na mbao zao, wakakaa, wakaona hatoki, wakaondoka, na baada ya wiki hawakuja tena. Watu walipokuja kumwita kutazama mgonjwa aliyezimia alisema kichwa kinamwuma. Mimi nikawa najikokota kila asubuhi hadi kaburini, siombi dua, nasikiliza tu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya, sikio udongoni, ingawa miezi mingi ilikwisha kupita tangu maziko.

Nikamtaka Mwalimu akubali kaburi lifukuliwe. Nilijua ni haramu, na nilijua namwambia nani. Nilimwambia nataka kumwona alivyolala tu, akiwa ameelekea kibla kama alivyolazwa basi nitatulia. Mwalimu alinitazama usoni, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Jumatano.

"Ukimkuta alivyolazwa, utapumzika kweli? Na ukimkuta sivyo, mimi nitakwenda wapi?"

Sikumtaka tena jambo hilo. Lakini sikumsamehe, wala kujisamehe, tukawa tunakula kila mtu kwa wakati wake.

Petro alitaka nifike zahanati kila Jumatatu anisikilize moyo na kunikunja magoti. Ukutani pale palikuwa na picha mbili, na nilizikariri kwa kungoja zamu. Moja ilikuwa karatasi kuukuu yenye michoro ya wazungu wenye masharubu, mmoja amelala kifudifudi, mwingine anamkandamiza mgongo. Petro aliipata jeshini wakati wa vita, na ndiyo aliyonifanyia. Alinieleza kwamba zamani sana huko Ulaya waliozama walivingirishwa juu ya pipa, wakaning'inizwa miguu juu, wengine wakapulizwa moshi wa tumbaku kwa mivukuto, tena si mdomoni. Nilicheka, na sauti ikatokea puani.

Picha ya pili ilitoka kwenye kalenda ya misheni. Nabii Isa amemshika mkono msichana aliyelala kitandani, msichana amefumbua macho, na mama yake amesimama nyuma, mikono kifuani. Sisi nasi tunajua kwamba Nabii Isa alifufua wafu kwa idhini ya Mungu, kwa hiyo picha haikunishangaza. Ilinichoma. Msichana yule alikuwa na kimo cha Zena. Kidevu chake kilikuwa wazi, hakuna aliyekifunga. Jumatatu moja nilimwomba Petro aigeuze, akaishusha bila kuniuliza.

Nikamwuliza yeye pia. Nilimwambia asinifiche, je, mwanangu alikuwa hai? Petro hakuwa mtu wa kuremba.

"Mama, mimi sikuwepo. Ningekuwepo ningejua. Mwulize aliyeushika mwili."

Bi Mwanaidi nilimkuta uani kwake akisuka ukili. Tangu nirudi hakuwa amekanyaga kwangu, nami nilidhani ananiogopa kama wengine. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua uso, akanisogezea kibao nikae. Nilimwambia kwamba sikuja kulaumu mtu. Nataka kujua kitu kimoja, kwa nini siku ile alimruhusu Petro aingie, yeye ambaye hajawahi kumpinga Mwalimu.

Alisuka kwa muda. Kisha akauweka ukili chini.

"Kwa sababu mara ya kwanza nilinyamaza."

Akanieleza. Maiti anapooshwa huinuliwa kidogo, akaegemezwa, tumbo likakandwa taratibu ili uchafu utoke. Alipomwinua Zena na kumkanda, Zena alitoa pumzi. Alisema maiti wengi hutoa, ni hewa iliyobaki, ameosha watu wengi na ameizoea. Hakuna ajabu.

"Lakini ile ilikuwa na sauti, mwanangu."

"Sauti gani?"

"Ya kwikwi. Kama mtoto aliyelia akachoka." Alijifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji. "Nikamtazama. Nikamgusa kwapani, palikuwa na joto. Nikajiambia ni mtoto, watoto hawapoi upesi. Nje wanaume wanauliza kama nimemaliza, adhana imekaribia, na Mwalimu amekwisha kusema. Mimi ni nani niseme Mwalimu amekosea? Nikammwagia maji. Nilimmwagia yote, hakusema tena kitu."

Sikulia. Nilimwuliza kama alimwambia mtu mwingine, akasema hapana. Nilikaa naye mpaka akauokota ukili akaanza kusuka, kwa kuwa magoti yangu yalikataa kunyanyuka, na yeye alijua, hakunihimiza. Petro alinithibitishia baadaye kwamba ni kweli, maiti hutoa hewa, na hewa yaweza kupita na sauti. Inawezekana ilikuwa hewa. Nimeishi na neno hilo, inawezekana, na nawaambia wenzangu kwamba halina mgongo wa kuegemea.

Mwalimu alikuwa barazani niliporudi. Alinitazama ninavyojikongoja njiani wala hakuja kunishika. Alijua nilikotoka. Nilipofika alisimama, na nikaona mtu huyu amekonda kuliko mimi niliyelala kusi zima.

"Amesemaje?"

Njia nzima nilikuwa nimeandaa kumwambia. Nilitaka ajue, nilitaka tuubebe mzigo huo wawili, na niseme kweli, nilitaka umwangukie yeye zaidi. Nikamtazama shingo yake ilivyochongoka kwenye kanzu isiyonyoshwa.

"Amesema alikuwa baridi," nikasema. "Mwili umekwisha kukakamaa. Alikuwa amekwenda zamani."

"Apa."

Mume wangu hakuwahi kumwapisha mtu nyumbani mwetu. Nikaapa kwa jina la Mungu, kwa ile sauti yangu ya puani. Akakaa chini polepole. Baadaye akaingia ndani, akalala, na akalala alasiri yote mpaka nikaenda kumtazama mara mbili kama anapumua. Kesho yake akatuma watoto wa chuo waitwe.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Sauti yangu ilirudi, magoti yakarudi nusu. Kila penye msiba wa mwanamke waliniita nikae na maiti kwanza, na watu wakazoea kungoja, wengine wakinung'unika. Nawe ukiwa na mgonjwa wa koo aliyenyamaza, usikaze kitambaa. Ondoa kizito, fungua mdomo, shika kioo, mwite aliyesomea, na ngoja mpaka usiwe na shaka hata kidogo. Mwenye kukuharakisha mwache aondoke.

Mwalimu tumemzika Rajabu iliyopita, ndiyo maana sasa naandika. Kiapo cha uongo kina kafara yake, naijua, alinifundisha mwenyewe: kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu, baada ya kujuta na kutubu. Mara kadhaa nimeamka nikanuia kufunga. Kisha namkumbuka alivyolala alasiri ile, mdomo wazi, anakoroma, nami nimesimama mlangoni. Najaribu kujuta nashindwa, basi naenda jikoni nakunywa chai.